Presha ina saa zake, na chumvi pia ina saa zake



Tunakuandikieni kutoka Mbesa, mkoa wa Ruvuma, kusini mwa mji wa Tunduru, njia ya kuelekea mpaka wa Mozambique. Sisi ni wanawake washonaji. Wapo miongoni mwetu waliozaliwa hapa hapa, Wayao wa asili, na wapo walioletwa na ndoa au na biashara ya korosho kutoka Unguja, Mtwara na Songea. Kwa kawaida tukiandika hapa huwa ni habari za mishono na bei za vitambaa. Leo tuna jambo jengine, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu limetukaa rohoni.

Ukiuliza Mbesa presha inatoka wapi, utajibiwa neno moja: mawazo. Na tunavyowajua mashoga zetu wa Unguja na Pemba, jibu ni hilo hilo. Neno hili linamfaa kila mtu. Mume anasema mke wangu anawaza sana, mke anasema yeye ndiye anayeniwazisha, na pakiti ya chumvi inakaa jikoni haijaulizwa kitu. Hatusemi mawazo hayana lao. Anayelala na deni la vitambaa hapati usingizi mzuri, na usingizi tutaufikia. Lakini neno hili limegeuka pazia, na nyuma ya pazia watu wanapooza.

Tunaye mwenzetu mmoja, hatutamtaja. Alikuwa fundi wa kudarizi kofia na kushona magauni ya harusi, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote. Hajafika miaka 45. Kiharusi kilimkuta alfajiri, akiinuka kwenda kutia udhu, akaanguka mlangoni. Yuko hai, alhamdulillah, lakini mkono wa kulia haushiki sindano. Kadi yake ya kliniki tumeishika. Ina vipimo vitatu katika miaka miwili, vyote vya asubuhi, saa nne au saa tano, na hakuna hata kimoja cha kutisha. Kimoja kimepita kidogo mstari, viwili viko chini yake. Alipewa dawa, akawa anazimeza siku kichwa kikimgonga. Nyumbani kwake walijua jambo moja tu la kushangaza: alikuwa anaamka usiku kwenda chooni mara tatu, mara nne. Wakasema ni kibofu, ni umri.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuanze kuuliza na kusoma. Tulimsumbua muuguzi mmoja mstaafu mwenye subira kubwa, Mungu amlipe, na tukasoma tulichoweza kukipata kwenye simu. Tulichokikuta ni kwamba ujumbe tunaopewa siku zote, "punguzeni chumvi, fanyeni mazoezi", ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni saa.

Mwili hauendi kwa mwendo mmoja mchana na usiku. Presha ya mtu mzima wa afya hupanda anapoamka, hukaa juu mchana, na anapolala hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Kushuka huko ndiko mapumziko ya mishipa. Figo nazo zina saa zao. Zinatoa chumvi nyingi kwenye mkojo wakati wa mchana, na usiku zinapunguza, ndiyo maana mtu mzima mwenye afya huweza kulala mpaka alfajiri bila kuamshwa na haja ndogo. Hata mtu akilazwa kitandani kutwa, mwendo huo wa figo unaendelea. Umewekwa ndani yetu kama adhana inavyowekewa nyakati.

Sasa shida inaanza hapa. Kuna watu ambao figo zao haziwahi kuitoa mchana chumvi yote waliyokula. Ama wamekula nyingi mno, ama figo zao kwa maumbile au kwa maradhi ni nzito kuitoa. Chumvi iliyobaki haiwezi kusubiri. Inashika maji mwilini, na figo zinahitaji msukumo ili ziitoe usiku. Msukumo huo ni presha yenyewe. Kwa hiyo presha inakataa kushuka usiku, inabaki juu kama bado ni mchana, na mtu anaamka kukojoa, maana chumvi haitoki bila maji. Kundi moja la madaktari wa Japani, mtafiti wao wa kwanza akiitwa Uzu, walionyesha jambo hili mwaka 1997. Waliwapunguzia chumvi wagonjwa wa presha ambao presha zao hazikuwa zikishuka usiku, na presha zikaanza kushuka usiku kama za watu wengine. Walichobadilisha ni chumvi.

Na habari ya kuamka usiku nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2017 daktari Tomohiro Matsuo wa Chuo Kikuu cha Nagasaki alieleza kazi yake na watu zaidi ya 300 waliokuwa wakila chumvi nyingi na kulala vibaya. Waliofaulu kupunguza kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi 8 walipungukiwa pia na safari za chooni usiku, kutoka wastani wa mara 2.3 hadi 1.4. Wale ambao chumvi yao iliongezeka, safari ziliongezeka. Tuliposoma hivyo tulitazamana. Tulimkumbuka mwenzetu na mara zake nne.

Hatusemi kila anayeamka usiku ana presha. Mjamzito anaamka, mwenye kisukari anaamka, aliyekunywa chai vikombe vitatu saa tatu usiku anaamka. Tunasema tu kwamba mtu akiulizwa kliniki "unaumwa nini", aseme na hilo. Asilione la aibu.

Presha ya usiku ina hatari yake kubwa kuliko ya mchana, na hili madaktari wamekubaliana kwa muda mrefu sasa: anayelala na presha ya juu yuko karibu zaidi na kiharusi, moyo na figo kuharibika kuliko anayeonekana na presha hiyo hiyo mchana tu. Halafu ikifika alfajiri mwili unajiandaa kuamka, presha inapanda kwa kasi, na saa za asubuhi ndizo ambazo viharusi na mishtuko ya moyo hutokea zaidi. Tazama sasa kadi yetu ya vipimo vitatu vya saa nne. Ilikuwa inamtazama mtu mchana, na maradhi yake huenda yalikuwa ya usiku.

Kipo kipimo cha saa 24, mkanda unafungwa mkononi mtu anakwenda nao nyumbani, unajipima wenyewe mchana na usiku. Huku kwetu si kitu cha kukiona kila siku, na hatutaki kuandika kama watu wanaoishi Dar es Salaam. Lakini baina ya kipimo cha saa 24 na vipimo vitatu kwa miaka miwili kuna nafasi kubwa sana, na nafasi hiyo tunaweza kuijaza wenyewe.

Tuzungumze kazi yetu kwanza, maana tunaona wengi wanaosoma hapa ni mafundi wenzetu au wanakaa madukani.

Watu wakisikia mazoezi wanafikiria kukimbia na raba miguuni. Mkulima wa Mbesa anayepalilia mikorosho hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anatembea, anainama, anatoa jasho, na jasho lenyewe lina chumvi ndani yake. Fundi cherehani je? Anakaa saa nane, saa tisa. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa kumi, pesa zikiingia kijijini kila mtu anataka nguo mpya, tunakaa mpaka saa nne za usiku. Kukaa huko kunafanya kitu ambacho hatukukijua. Maji na chumvi vinateremka miguuni na kukaa huko. Ndiyo ile jioni kandambili zinabana, na ukibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. Ukienda kulala, miguu imelingana na moyo, yale maji yanarudi kwenye damu, yanapita kwenye figo, na figo zinapewa usiku kazi ambayo ilikuwa ya mchana. Mara moja tena unaamka.

Na hapa tuna neno kuhusu cherehani za mota. Cherehani ya kukanyaga tuliyofundishiwa chuoni ilikuwa inachosha, kweli. Lakini ndama za miguu zilikuwa zikifanya kazi kutwa, na nyama za ndama ndizo zinazosukuma damu kurudi juu. Umeme umefika, tumefunga mota, tunagusa kidogo tu kwa ncha ya mguu na cherehani inaruka. Nguo tatu zinaisha wakati ambao tulikuwa tunamaliza moja. Hatutarudi nyuma, nani anataka? Lakini miguu imekosa kazi, na hakuna aliyetuambia kwamba lazima tuitafutie nyengine. Sisi sasa kila swala ni mapumziko ya miguu pia. Adhuhuri na alasiri tunainuka, tunatembea mpaka kisimani au sokoni na kurudi. Baada ya chakula cha mchana anayeweza analala chali robo saa, miguu juu ya mto, ili yale maji yarudi mapema, figo ziyatoe mchana. Wateja wamezoea. Mwanzo walidhani tunaumwa.

Tuje kwenye chumvi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, si cha mlima. Duniani watu wanakula wastani wa karibu gramu 11. Gramu jikoni hazipimiki, lakini sisi ni watu wa futi na chaki, tukatafuta hesabu yetu. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo ni gramu 500. Nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti inatakiwa iishe kwa siku 20. Tuliandika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu siku ya kuifungua. Nyumba nyingi pakiti haikufika siku 12. Kweli nyengine inamwagika na maji ya kuoshea samaki, na watoto wanakula kidogo kuliko sisi, na watoto kiwango chao nacho ni kidogo. Lakini hesabu hii haijatia chumvi isiyotoka kwenye pakiti, na hiyo huku ni nyingi.

Ng'onda na papa mkavu, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, vile vidonge vya kutia mchuzi ladha, mkate, embe bichi la chumvi na pilipili, mihogo ya kukaanga ya jioni, mayai ya kuchemsha na kipimbi cha chumvi kwenye karatasi. Halafu kuna magadi. Hapa tutaomba mtusikilize vizuri, maana hili halisemwi. Kinachotuumiza kwenye chumvi ni sodiamu. Magadi nayo ni sodiamu. Tunaiweka kwenye maharage yaive upesi, kwenye mlenda uvutike, kwenye kisamvu kibaki kijani, na kwa sababu ulimi hausemi "chumvi" tunaongeza chumvi juu yake. Mgonjwa wa presha ameambiwa apunguze chumvi, anakula mboga bila chumvi na magadi imejaa. Kliniki hawaulizi magadi. Waulize, tafadhali.

Tutasema na jengine la upande wa pili, kwa sababu tumesikia watu wakihama chumvi ya pakiti na kununua ya mawe isiyo na kitu, eti ya asili ina afya. Chumvi ni chumvi. Ya pakiti imetiwa madini joto, na huku nyanda za kusini bibi zetu walikuwa na magoita shingoni kwa kukosa madini hayo. Kula ya madini joto, ila kidogo.

Ajabu ni kwamba chumvi ilikuwa kitu cha thamani kwa watu wa huku. Misafara ya Wayao ilikuwa ikitembea kwa wiki nyingi hadi Kilwa na bidhaa zao, na baadhi ya walivyorudi navyo ni vitambaa na chumvi. Mwili wa mwanadamu umezoea kukosa chumvi na kuishika isipotee. Leo tunaipata kwa bei ya pipi, na figo bado zinaishika kama za mtu wa msafara.

Kuna utafiti mmoja wa jirani zetu Kenya ambao kila mwanamke anayesafirisha watoto wake mjini angeujua. Uliandikwa mwaka 1990, mkuu wake akiwa daktari Mwingereza Neil Poulter. Waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kaskazini ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Watu ni wale wale, damu ni ile ile. Presha za waliohama zilikuwa zimeshapanda mwezi wa kwanza tu, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu pungufu ukilinganisha na wa kijijini. Walipoacha mboga za majani na matunda ya shamba wakashika chakula cha mjini, mwili ulijibu ndani ya wiki chache. Na mjini sasa kumekuja mpaka Mbesa. Chipsi zimefika, soda zimefika, mota za cherehani zimefika.

Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kuitoa sodiamu. Huku tunayo bure: ndizi, viazi vitamu, kunde, mchicha, machungwa, na kisamvu cha nazi au karanga, bila magadi. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla hajazidisha vitu hivi, kwake potasiamu inaweza kuwa hatari.

Je, chumvi iliwe saa ngapi? Tumeulizana sana. Ushahidi ulio imara ni wa kupunguza jumla ya siku nzima, tusiwadanganye. Lakini kwa mwendo wa figo tuliouelezea, maoni yetu ni kwamba chakula cha usiku ndicho kianze kupunguzwa, na ndicho hasa kilichoharibika majumbani kwetu. Mchana mwanamke anakula haraka haraka, kiazi na chai. Usiku, familia imekusanyika, ndipo mchuzi wa ng'onda unapopikwa na sahani zinapojaa, saa tatu, saa nne, halafu watu wanalala. Chumvi yote ya siku imeingia saa ambazo figo zinafunga duka. Sisi tumehamishia mchuzi mzito mchana pale pale kazini, tunapika kwa zamu, na usiku ni chakula chepesi mapema baada ya magharibi.

Ramadhani ndiyo tatizo, maana kula kote ni usiku. Hapo tunasema: futari isianze kwa sambusa na kachori za chumvi kali, na daku isiwe samaki mkavu, ambaye pia atakupa kiu kutwa. Tende, uji, matunda, maji kidogo kidogo mpaka usiku wa manane. Na mwenye dawa za presha aende kliniki Shaaban, kabla mwezi haujaandama, apangiwe saa zake. Asijipangie.

Kuhusu saa ya kumeza dawa, kulikuwa na maneno mengi duniani kwamba za usiku zinafanya kazi vizuri zaidi. Waingereza wakafanya utafiti mkubwa, watu zaidi ya 21,000, nusu wameze asubuhi nusu jioni, na matokeo yalipotoka mwaka 2022 hakukuwa na tofauti katika mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo. Kwa hiyo saa bora ni ile usiyoisahau, ila dawa ya kukojosha inafaa asubuhi ili ulale. Kilicho na tofauti ni kumeza kila siku na kumeza siku za kichwa tu. Presha haina lazima ya kuuma. Utafiti uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari huko Hai, Kilimanjaro, mwaka 1996 na 1997, ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 wana presha, mjini na kijijini sawa, na katika hao wenye presha hata mmoja kati ya watano hakufika aliyekuwa anajua. Ni zamani, lakini kisa chetu si cha zamani.

Sasa tunafika kwenye tunachokitaka. Tunataka kila kikundi cha wanawake, cha ushoni, cha vikoba, cha madrasa, kiwe na mashine yake ya kupimia presha, ya kufunga mkono wa juu. Tunanunua maturubai ya harusi, tunanunua sufuria za kikundi na viti vya plastiki vya kukodisha. Mashine hii ni bei ndogo kuliko sare tunazoshonesha kwa sherehe moja, na sisi ndio washonaji, tunazijua bei. Huko Unguja ni rahisi zaidi kuipata kuliko huku.

Kupima kuna adabu zake, na baadhi zinatuhusu sisi hasa tunaojisitiri. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui wala dera. Ukikunja mkono wa nguo ukabana juu, kipimo kinaharibika pia. Ndiyo sababu tumeshona vigauni viwili vya mikono mipana vya kupimia, mtu anabadilisha nyuma ya pazia. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, haja ndogo umeshamaliza. Usizungumze, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa kikundi chetu. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni kabla ya kulala, siku saba mfululizo. Siku moja haitoshi. Wanaume waliofungiwa Moscow kwenye majaribio ya safari ya Mars, mwaka 2009 na tena 2010 hadi 2011, walilishwa chumvi kwa kipimo kile kile kila siku, na bado daktari Mjerumani Jens Titze na wenzake wakakuta chumvi inayotoka inapanda na kushuka kwa mizunguko ya karibu wiki. Mwili una siku zake. Usiogope kipimo kimoja wala usifurahie kimoja.

Vipimo vya nyumbani vikiwa kwa wastani 135 kwa 85 au zaidi, nenda na daftari hospitali. Ikiwa 180 kwa 120, au mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, usisubiri asubuhi, na usipoteze saa kwa kufusha ubani. Mjamzito yeye asifuate hesabu zetu hizi. Presha ya mimba ni jambo jengine, haitibiwi kwa kuacha chumvi, inamuua mama na mtoto, na dawa yake ni kuwahi kliniki.

Daftari ndilo tunalotaka wauguzi walipokee. Mwanamke akija na vipimo 28 vya wiki nzima, asiambiwe "hizi mashine zenu za kichina" na kuanza upya na kipimo kimoja cha saa nne. Mashine ilinganishwe na ya kliniki mbele yake, ikikubaliana, vipimo vyake viandikwe kwenye kadi. Yule daktari Poulter wa utafiti wa Wajaluo ndiye aliyekuja kuongoza ule mwezi wa tano wa kupima presha duniani ulioanza mwaka 2017, ambao watu wa kujitolea hupima wenzao sokoni na misikitini. Ikiwa dunia inaamini watu wa kujitolea, nasi tuaminiwe.

Yetu tuliinunua kwa kuchanga elfu moja kila wiki. Inakaa kwenye sanduku la mashine ya kudarizi, pembeni ya meza ya kukatia, na mwenzetu aliyepooza ndiye anayeitunza. Anaandika kwa mkono wa kushoto, hati imeanza kunyooka. Jumatatu ni siku ya wanaume, na wanakuja, ingawa wanasema wamekuja kuchukua suruali. Bibi mmoja wa hapa, mpishi wa kisamvu asiyeshindika, amekubali kupunguza chumvi na amekubali kupimwa, lakini kuhusu magadi amesema tusimletee mambo ya kwenye simu. Wiki hii kapima wastani wa 148 asubuhi. Tumempelekea kisamvu kilichopikwa bila magadi, akala, akasema kimeiva lakini rangi yake haipendi.